Vidole vya Bi Foronya

Mashine ilikikataa kidole gumba cha kulia, ikakikataa cha kushoto, kisha ikaendelea kuvikataa vilivyobaki kimoja kimoja, kama msichana mwenye maringo anayerudisha posa. Kila kidole kilipolazwa juu ya kioo, mwanga ulipita chini yake, ukasita, halafu taa nyekundu ikawaka pembeni. Binti wa ofisi ya pasipoti aliyeketi nyuma ya mashine alikuwa mpole. Alifuta kioo, akavifuta vidole, akavikandamiza yeye mwenyewe kwa mkono wake. Nyekundu. Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu walikuwa wameacha mazungumzo yao, wakawa wanaitazama ile taa.

"Mama, unafanya kazi gani?" binti aliuliza.

"Nafua."

"Nyumbani kwako?"

"Kwangu na kwa watu. Tangu wewe hujazaliwa."

Binti alikigeuza kiganja cha yule mama juu, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama kijiko cha zamani. Alizitazama muda mrefu, na alipozungumza alishusha sauti, kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Alama zako zimelika, mama. Sabuni imezila. Mashine haioni kitu."

"Lakini mimi nipo hapa."

"Najua upo. Mimi nakuona. Yeye ndiye asiyekuona."

Mama huyu, wote waliomfahamu walimwita Bi Foronya. Jina alilipata kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, mahali alipokuwa akifua tangu ujana wake. Mwenye nyumba aliponunua mashine ya kufulia, mashuka yalikwenda kwenye mashine, lakini foronya ziliishinda. Foronya hunywa mafuta ya nywele, jasho, wanja na machozi ya watu waliolala mbali na kwao, na mashine ilikuwa ikizirudisha na madoa yake vilevile. Basi zikabaki kwa mikono ya Bi Foronya, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye makaratasi tu.

Na hayo makaratasi yenyewe yalikuwa yamemtoa jasho. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa shangazi ambaye hakuwahi kushika kalamu, kwa hiyo kupata cheti cha kuzaliwa kulitaka watu wazima wa kumshuhudia, na watu wazima waliomshuhudia akizaliwa walikuwa wanaishiaishia kama mshumaa. Aliapa mbele ya wakili kwamba yeye ndiye yeye. Alipiga picha, ikakataliwa kwa sababu ametabasamu. Akapiga nyingine, ikakataliwa kwa sababu kitambaa kimefunika sikio. Ya tatu alifumba macho, si kwa kutaka, ila usingizi wa foleni ulimpitia pale pale kwenye kigoda cha mpiga picha. Alipofika mbele ya mashine ya vidole alidhani amekwisha kufika ng'ambo. Kumbe alikuwa bado yuko mlangoni.

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Pumzika." Binti alilisema neno hilo kama mtu anayeandika dawa. "Usifue. Usioshe vyombo, usideki, usishike sabuni ya aina yoyote. Paka mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Ngozi huota. Urudi mwezi ujao tujaribu."

"Mwezi ujao mwanangu anakaribia kujifungua."

Binti aliandika tarehe mpya kwenye kikaratasi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

*

Anayejifungua alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho wa Bi Foronya na wa kike pekee, aliyeolewa na kuhamia nchi ambayo kuifikia lazima upande ndege na kulala humo. Hii haikuwa mimba yake ya kwanza. Ya kwanza iliharibika ikiwa imekwisha kuwa mtu, na simu ilipoingia siku hiyo Bi Foronya alikuwa kwenye karai, povu hadi viwikoni. Mumewe ndiye aliyemshikia simu sikioni. "Mama," Kitinda alisema, "mtoto hayupo tena." Kisha kimya cha ng'ambo, kile kimya chenye mvumo ndani yake. Bi Foronya hakujua afanye nini na mikono yake, akaendelea kuikamua foronya aliyokuwa ameishika, akaikamua mpaka ikatatuka. Tangu siku hiyo aliapa kimoyomoyo kwamba safari nyingine mwanawe hatalala peke yake kitanda cha hospitali. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na yeye mara ile hakuwapo.

Kwa hiyo aliporudi nyumbani na kikaratasi chake, hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akawaeleza waliokuwepo.

Aliyekuwepo wa kwanza ni mumewe, ambaye alistaafu kuendesha malori lakini bado mtaa mzima ulimwita Dereva. Wa pili alikuwa wifi yake, dada wa Dereva, mjane aliyehamia kwao na mdomo wake.

"Haya makubwa," wifi alisema, akavishika vidole vya Bi Foronya na kuvikagua. "Tunaambiwa kidole kimoja hakivunji chawa. Vyako kumi vimeshindwa hata kuwasha taa!"

"Wifi, sina nguvu ya kucheka."

"Basi usicheke, sikiliza. Foronya nitakwenda kufua mimi. Chakula nitapika mimi. Huyu kaka yangu ataosha vyombo."

Dereva aligeuka nyuma kuangalia kama kuna kaka mwingine.

"Mimi?"

"Au vidole vyako navyo vinasafiri?"

"Mzee hajui kuosha vyombo," Bi Foronya alimtetea. Alikuwa akiisema sentensi hiyo tangu ndoa yao ilipokuwa mbichi, kwa majirani, kwa watoto, kwa mama mkwe wake aliyefurahi kuisikia. Mzee hajui kupika. Mzee hajui hata sabuni inakaa wapi. Aliisema bila kinyongo, kama watu wanavyosema fulani ni mrefu.

*

Siku za mwanzo alidhani ataugua. Mikono yake iliamka kabla yake, ikawa inatafutatafuta cha kushika. Alijikuta amesimama mbele ya ndoo bila kujua amefikaje hapo, na wifi akimfukuza kwa mwiko. Alipaka mafuta, akakaa na viganja vyake magotini kama mtu anayekausha rangi ya kucha.

Halafu uchovu ukaja. Ni kana kwamba ulikuwa umemsubiri nje miaka yote kwa adabu, na alipokaa tu ukabisha hodi. Ulianzia mabegani, ukashuka kiunoni, ukaingia kwenye nyonga na magoti. Alilala asubuhi baada ya chai, akaamka, akala, akalala tena. Aliota amelala. Wakati mwingine machozi yalimtoka bila sababu, naye akayaacha yashuke mpaka kidevuni, maana kuinua mkono kuyafuta kulikuwa safari. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka tu, amechoka kwa namna ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kuijua, na jambo hilo lilimtisha kuliko ugonjwa.

Akiwa amelala hivyo, alisikiliza nyumba yake. Siku ya kwanza Dereva alivunja kikombe, ya pili akaunguza sufuria. Wifi alimzomea, naye akajibu kwamba hata kuendesha lori watu hufundishwa. Kisha sauti za kuvunjika zikaisha. Siku moja mchana Bi Foronya alitoka uani na kumkuta mumewe amekunja suruali hadi magotini, anaanika shati. Alilikung'uta mara mbili, akaligeuza ndani nje ili jua lisipaushe rangi, akalibana kwa pindo la chini, si mabegani. Kola ilikuwa nyeupe. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa ameona. Miaka yote aliyokaa pale kivulini akisubiri chai, macho yake yalikuwa yanaona.

"Kumbe unaweza," Bi Foronya alisema.

Dereva alitabasamu, akidhani amesifiwa. "Si unaona! Kazi yenyewe si ngumu kiasi hicho."

Hapo hasira ilimpanda Bi Foronya ghafla, hasira ambayo hakujua inatoka wapi. Angependa kufurahi. Mwanamke gani asingefurahi, mume mtu mzima anamfulia? Lakini alichokiona pale kwenye kamba hakikuwa shati. Aliziona asubuhi zote za baridi, mimba zote alizofulia zikiwa tumboni, siku ile ya simu na mikono yake iliyokuwa haina nafasi hata ya kuishika. Alirudi ndani, akajilaza, akaugeukia ukuta.

Dereva alimfuata, akasimama mlangoni huku maji yakimdondoka viganjani.

"Nimekosea nini, mama watoto?"

"Hujakosea. Ndicho kinachoniuma."

Hakumwelewa. Lakini alikaa kwenye ncha ya kitanda, akabaki hapo mpaka mikono yake ikakauka.

*

Meneja wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, na tangu lini meneja akaja mwenyewe. Alikuwa amebeba mfuko. Alikaa, akasifu hali ya hewa, akaulizia safari, akazungukazunguka vya kutosha, ndipo akafungua mfuko na kutoa jozi ya glovu ndefu za mpira.

"Bi Foronya, wageni wanalalamika. Huyu wifi yako anajitahidi, lakini foronya zinarudi na ramani. Fua foronya tu. Ukivaa hizi sabuni haitakugusa."

Wifi, aliyekuwa jikoni, alikohoa kikohozi cha mtu aliyetukanwa.

Bi Foronya alizishika glovu. Zilikuwa nene, mpya, zinanukia duka. Zamani angekwisha kusimama. Hata sasa miguu ilitaka kusimama yenyewe, maana hajawahi kumwambia mtu hapana na mtu huyo akiwa ameketi kwenye kiti chake. Akafikiria maji ya moto yanavyoingia kwenye glovu kwa juu, jinsi vidole vinavyolowa humo ndani na kukunjamana. Akamfikiria Kitinda kitandani.

"Siwezi, meneja."

"Foronya tu."

"Nimesikia foronya tu. Siwezi."

"Unajua nikitafuta mtu mwingine, ukirudi..." Meneja hakuimalizia sentensi, akaiacha ining'inie.

"Tafuta," alisema Bi Foronya. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na neno likitoka halirudi. Meneja alikunja mfuko wake na kuondoka na glovu zake. Wifi alitoka jikoni, akamtazama Bi Foronya kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Jioni hiyo Kitinda alipiga simu. Alikuwa na furaha, au alijitia kuwa nayo. Alimweleza mama yake jinsi alivyopanga mambo. Chumba kipo tayari, amemwekea kitanda kando ya kile cha mtoto. Ameongea na mwajiri wake, atarudi kazini mapema. "Wewe utakuwa naye mchana, mama. Utamwosha, utamlisha, mashine ya kufulia ipo ila nguo za mtoto ni bora kufua kwa mkono. Na chakula cha jioni, mimi narudi nimechoka sana."

"Na mume wako?"

"Ah, mama! Yeye hajui kitu. Hata nepi hajui inafungwaje."

Bi Foronya aliihamishia simu sikio la pili. Neno lile aliijua sauti yake. Lilikuwa lake mwenyewe, limevuka bahari na kuolewa huko.

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu. Nasikia."

Alitaka kumuuliza mwanawe anamwita nani hasa, mama au mikono. Hakuuliza. Binti aliye na mimba kubwa ugenini haulizwi swali la namna hiyo. Lakini swali halikuondoka. Lilikaa naye kitandani, na asubuhi alipojipaka mafuta lilikuwa bado lipo.

*

Tarehe ilipofika, Dereva alisema atamsindikiza. Foleni ilikuwa ile ile, benchi lile lile lenye ubao uliopasuka unaobana nguo za watu. Wakakaa wakisogea kidogo kidogo, yeye amekumbatia bahasha ya makaratasi kifuani, simu ikiwa mfukoni mwa mumewe. Zamu yao ilipowadia jua lilikuwa limekwisha kupita upande wa pili wa jengo.

Binti wa mashine alimkumbuka. "Ulipumzika, mama?"

"Nilipumzishwa."

Kidole cha kwanza kililala juu ya kioo. Mwanga ukapita, ukasita, ukapita tena. Kijani. Binti akainua uso akacheka, na mtu mmoja kwenye benchi akapiga kofi bila kujua habari yenyewe. Vilivyofuata vilipita, kingine kwa shida, kingine kwa hiari yake. Gumba la kulia, ambalo ndilo husugua kola, liligoma. Binti akaligeuza kidogo, akalikandamiza kwa ubavu, wakashikilia pumzi wote wawili. Lilipokubali, aligeuza kioo cha kompyuta ili mama naye aone. Mistari myembamba ilijikunja na kuzungukana, mingine ikiwa imekatika katikati na kuanza upya mbele. Bi Foronya aliinama kuitazama. Alishangaa kwamba kitu hicho ni chake, na kwamba kilikuwa kinafutika siku hadi siku na yeye mwenyewe akikifuta.

Hapo ndipo simu ilipolia mfukoni mwa Dereva. Alisikiliza, akasema "Eh? Eh!" kwa sauti iliyofanya watu wageuke, kisha akamsogelea mkewe na kumpa.

"Ni mkwe. Kitinda amejifungua. Kabla ya siku zake, lakini wazima wote. Wa kiume. Kitinda mwenyewe yupo hapa kwenye simu, anataka kuongea na wewe."

Bi Foronya aliipokea simu. Mwanawe alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kuzimu kwa miguu.

"Mama, nimejifungua."

"Nimesikia, mwanangu. Pole. Hongera. Pole."

"Nilikuwa nakuita. Manesi hawakujua nasema nini." Akavuta pumzi. "Basi, yamepita. Usijisumbue tena na foleni, mama. Pumzika. Uje baadaye, nikianza kazi. Hapo ndipo nitakuhitaji."

Bi Foronya aliyafumba macho yake. Kwa hiyo hakuwapo tena. Mara ya pili. Makaratasi yote yale, viapo, picha, mwezi mzima wa mafuta na kulala, na mtoto hakungoja. Aliisikia huzuni ikimpanda polepole, nzito, ya mtu aliyekimbilia basi na kuliona linakunja kona. Dereva alikuwa amesimama karibu, anamtazama usoni. Binti wa mashine alikuwa ameacha kuandika.

"Mtoto ataoshwa na nani mkitoka hospitali?" aliuliza Bi Foronya.

"Sijui. Nitajikokota mimi mwenyewe."

"Ataoshwa na baba yake."

"Mama, hajui!"

"Hata baba yako alikuwa hajui. Ana macho, ana mikono, atajua. Atavunja kikombe kimoja kisha atajua. Na mimi nakuja sasa hivi, mara tu watakaponipa hii hati. Sisubiri urudi kazini."

"Lakini sasa hivi kuna kazi gani, mama? Mimi nitakuwa nimelala tu."

"Ndiyo. Utakuwa umelala, na mimi nitakuwa nimekaa kando yako. Sikilizeni huko vizuri, wewe na mume wako: siji kufua. Nakuja kukaa na mwanangu."

Kikaingia kile kimya chenye mvumo. Dereva alifikiri simu imekatika, akanyoosha mkono kuichukua, lakini Bi Foronya akamzuia. Mbali kule, chini ya mvumo, kitu kilikuwa kinaanza, kidogo kidogo, kama maji yanayotafuta njia.

"Mama," Kitinda alisema. "Yule wa kwanza. Sikuwahi hata..."

"Najua."

"Hakuna aliyeniuliza. Nilirudi kazini wiki ile ile."

"Najua, mwanangu. Nakuja kwa ajili yake pia."

Basi kilio kikatoka chote, kikubwa, kisicho na aibu, mpaka binti wa mashine akakisikia upande wake wa meza na kuinamisha kichwa. Foleni nyuma ilikuwa inasubiri. Mtu mmoja aliuliza kulikoni, mwingine akamwambia anyamaze. Bi Foronya alibaki pale pale kwenye kiti, simu sikioni, akimsikiliza mwanawe akilia, wala hakumwambia basi.